Mkono wa Kushoto wa Jovita

Kila asubuhi nyumbani kwetu, kabla jembe halijashikwa na kabla sisi watoto hatujaondoka kwenda shule, baba alikaa kwenye kigoda chake akisubiri kahawa ya kutafuna. Kazi ya kuipeleka ilikuwa ya mdogo wangu Jovita. Alipiga magoti mbele yake, akanyosha kikapu kidogo cha buni zilizochemshwa na kukaushwa. Kikapu kilikaa katika mkono wa kulia, na mkono wa kushoto uliushikilia wa kulia kwenye kiwiko kwa heshima.

"Kasinge, Tata," alimsalimia baba kwa Kihaya.

Baba alichukua buni mbili, akazitia mdomoni, akaitikia. Hapo ndipo siku yetu ilipoanza.

Tulikaa kijijini Muleba, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka hospitali ya Rubya. Ulikuwa mwaka 1953, na nchi ikiitwa Tanganyika chini ya Mwingereza. Mimi, Klaudia, nilikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la nne. Jovita alikuwa na kumi, darasa la tatu, na hakuna mtoto aliyemshinda kwa maneno. Naandika habari hizi kwa sababu yeye hayupo tena kuzisimulia, na kwa sababu mpaka leo nina hasira na jinsi tulivyomtendea. Katika hasira hiyo, mtu wa kwanza ni mimi.

Jumamosi moja ya mwezi wa Juni kaka yetu Philbert alikuwa akitengeneza rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa ajili ya wakwe zake waliotarajiwa Jumatatu. Ndizi mbivu zilikuwa zimemenywa na kutiwa ndani ya obwato. Hilo ni gogo kubwa lililochongwa likawa na tumbo kama mtumbwi. Humo wanaume huingia na kuzikanyaga ndizi pamoja na nyasi mpaka juisi itoke. Mwanamke haingii. Kwetu walisema mwanamke akiingia, rubisi huharibika ikawa maji matupu.

Philbert aliishiwa nyasi akaenda kukata nyingine. Tukabaki wawili, tukilitazama obwato.

"Wewe huwezi," nilimwambia Jovita.

"Siwezi nini?"

"Kuingia. Unaogopa."

"Mimi?" Alicheka, akafunga gauni lake kiunoni. "Subiri umwone Philbert mwenyewe!"

Akaruka ndani. Akaanza kukanyaga huku akitoa sauti nzito ya kiume na kutikisa mabega kama kaka yetu. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Kisha mguu wake uliteleza kwenye zile ndizi. Alianguka ubavu, na upande wa kushoto wa kichwa chake, juu ya sikio, ukagonga ukingo wa gogo. Mlio ule sijausahau.

Alilala kimya kwa muda wa Salamu Maria tatu. Najua ni tatu kwa sababu nilizisali. Alipofumbua macho alitapika kando ya mgomba. Nilimfuta ndizi miguuni, nikamwosha nywele, nikamlaza kivulini.

"Usimwambie mtu," nilimnong'oneza. "Tata akijua, atamwaga rubisi yote. Wakwe watarudi na kiu, na Philbert atatuchapa."

Jovita aliitikia kwa kichwa tu. Mama alipouliza kwa nini amelala, nilijibu kuwa amechoka na jua.

Jumatatu wakwe walikuja, wakanywa, wakasifu. "Safari hii Philbert amekanyaga kweli!" walisema. Rubisi haikuharibika hata kidogo. Kilichoharibika kilikuwa kitu kingine, na hakuna aliyekitazama.

Jumanne asubuhi kikapu kilimponyoka Jovita, buni zikatawanyika sakafuni. Baba alikunja uso. Jumatano Jovita alipiga magoti na kunyosha kikapu kwa mkono wa kushoto.

Baba alirudisha mkono wake nyuma kana kwamba ameona nyoka.

"Nani amekufundisha kunipa kitu kwa kushoto? Mimi ni mbwa wa kutupiwa?"

"Tata, mimi... moto... si moto..." Jovita alifungua mdomo, akaufunga. Neno alilolitaka halikuja. "Mkono... umelala."

"Umelala! Sasa unanifanyia mzaha?"

Mama yetu, Adventina, alitoka jikoni. "Baba Philbert, mtoto huyu anaumwa. Jana aliomba moto, kumbe anataka maji."

"Anaumwa kiburi. Moyo wake umeharibika. Mtu hufikiri kwa moyo, na wa huyu umeoza."

Nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni, ufagio mkononi. Maneno manne tu yangetosha: alianguka ndani ya obwato. Sikuyasema. Niliendelea kufagia mahali palipokwisha kuwa safi.

Shuleni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwalimu wetu, Ildefons, alikuwa kijana mgeni aliyependa sana mwandiko mzuri. Darasa la tatu na la nne tulikaa ukumbi mmoja, kwa hiyo niliona yote. Jovita alishika kalamu ya kibao kwa mkono wa kulia, ikaanguka. Akaiokota, ikaanguka tena. Akaihamishia kushoto, akaanza kuandika herufi zilizolala kama migomba baada ya upepo.

"Mkono wa kulia!" alifoka mwalimu.

"Hau... hautaki, Mwalimu."

"Mkono ndio hautaki, au wewe ndiye hutaki?" Alimpiga konzi mbili utosini. "Darasani kwangu hakuna mashoto. Mpaka Ijumaa uwe unaandika kama watu. La sivyo nitafuta jina lako, urudi nyumbani ukachume kahawa."

Wakati wa mapumziko watoto walimzunguka. "Mashoto, leta moto tunywe!" waliimba. "Mashoto, leta moto tunywe!" Jovita, ambaye wiki moja kabla angewajibu maneno kumi kwa kila moja lao, alisimama tu akinitazama mimi. Hakunitazama kwa chuki. Alikuwa akitunza ahadi niliyomwomba.

Ijumaa ilipofika, Mwalimu Ildefons alichukua kamba ya mgomba, akaufunga mkono wa kushoto wa Jovita nyuma ya mgongo wake. Akamweka uani, amepiga magoti, kibao mbele yake. "Andika jina lako mara kumi kwa mkono wa kulia," alisema. "Au jina hilo silisomi tena Jumatatu."

Siku hiyo ndiyo aliyokuja Dresa Muhidini.

Alikuwa mganga msaidizi wa dispensari yetu, mtu wa Nshambya kule Bukoba mjini, Mwislamu mwenye kofia nyeupe na baiskeli nyeusi. Kila mwezi alipita shuleni kukagua miguu yetu kama ina funza na vidole vyetu kama vina upele. Alipoingia uani aliiona kamba kabla hajaniona mimi wala mtu mwingine. Aliiachia baiskeli ikaanguka chini.

"Nani amemfunga mtoto huyu kama mbuzi wa kupeleka sokoni?"

"Ni adhabu, Bwana Dresa," alisema mwalimu akitoka ukumbini. "Ni mkaidi. Anakataa mkono wa kulia."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki hii."

"Amekaa darasani kwako tangu Januari akiandika kwa kulia, halafu wiki hii moja mkono umekataa, na wewe hukujiuliza kwa nini? Ulichokiona cha kutafuta ni kamba?"

Dresa alikata kamba kwa kisu chake kidogo, akachuchumaa mbele ya Jovita, sauti yake ikapungua.

"Binti, nikamate vidole, huku na huku. Finya. Finya sana! Haya. Sasa funga macho, nyosha mikono yote mbele, kama mtu anayepokea kitenge."

Jovita alinyosha. Mkono wa kushoto ulibaki juu. Wa kulia ulianza kushuka polepole, wenyewe, na yeye hakujua kwamba unashuka. Ukumbi wote ulikuwa umetoka nje kutazama. Hakuna aliyeimba tena.

"Fumbua macho. Nichekee kidogo."

Jovita alicheka, na mdomo wake ukacheka upande mmoja tu.

Dresa alisimama. "Huyu ameumia kichwani, upande wa kushoto."

"Samahani, Bwana Dresa," alisema Mwalimu Ildefons, akipata nguvu kidogo. "Mkono ulioshindwa ni wa kulia. Umekosea upande."

"Sijakosea." Alipitisha vidole vyake katika nywele za Jovita, juu ya sikio la kushoto, na Jovita akaruka kwa maumivu. "Hapa pana uvimbe. Ameanguka wapi?"

Jovita alinitazama. Hata pale, akiwa na alama ya kamba kwenye mkono, hakusema.

"Mimi najua," nilisema. Nikaeleza yote: maneno yangu ya kumchokoza, obwato, mlio wa gogo, matapishi, ahadi ya kunyamaza, na konzi za Mwalimu. Nilieleza mbele ya wale wale walioimba.

Dresa hakunipigia kelele, na ningependelea anipigie. "Siku ngapi?" aliuliza.

"Leo ya sita."

"Siku sita ana kichwa kilichoumia, tena akapigwa juu yake, na wewe ulikuwa na dawa mdomoni." Kisha akamgeukia mwalimu. "Konzi moja zaidi mahali pabaya, ingekuwa mimi na wewe tunachonga jeneza. Fuata nyuma. Huyu lazima afike Rubya leo. Twende kwa baba yake."

Alimpakia Jovita nyuma ya baiskeli, akaisukuma polepole, sisi tukimfuata. Njiani alisimama kwa mchinjaji akanunua kichwa cha mbuzi. "Namjua Mzee Rweyemamu," alisema. "Maneno hayamtoshi. Yeye huamini alichokiona tu."

Alikuwa amesema kweli. Baba alisikiliza habari zangu uso ukiwa mweusi, na alipofungua mdomo hakuitaja Rubya.

"Kwa hiyo aliingia ndani ya obwato. Amevunja mwiko, amepata alichokitafuta. Kwanza tumwite mtu wa kusafisha mambo haya. Hospitali baadaye."

"Mzee Rweyemamu," alisema Dresa, "wakwe wangapi walikunywa rubisi ile Jumatatu wakaisifu? Iliharibika?"

Dresa alikishusha kichwa cha mbuzi kutoka kwenye baiskeli.

"Nipe panga."

Alikiweka kichwa cha mbuzi juu ya jani la mgomba, akapasua fuvu kwa uangalifu kama mtu anayepasua yai asilotaka kulimwaga. Tulisogea sote, hata mama, hata Mwalimu Ildefons.

"Tazameni kwanza ugumu wa mfupa huu. Mungu hakuweka kitu cha bure ndani ya sanduku gumu namna hii. Chini yake kuna ngozi nyembamba na maji kidogo. Ubongo umelazwa humo usigongegonge. Uguse, Mzee."

Baba aligusa kwa kidole kimoja. "Ni laini kuliko ndizi mbivu," alisema, na akatazama upande wa obwato bila kupenda.

"Naam. Sasa fikiria ndizi mbivu ndani ya sanduku, na sanduku likaanguka. Sanduku halikupasuka, lakini ndizi?"

"Itavilia."

"Ndivyo ilivyokuwa kwa mwanao. Tazama tena. Ubongo umegawanyika vipande viwili, kulia na kushoto, na umejikunja mikunjo ili mwingi ukae mahali padogo. Wa mtu ni mkubwa mara nyingi kuliko huu, lakini mpango unafanana. Hapa mbele ndipo mtu anapopanga mambo na kujizuia asifanye upuuzi." Alinitupia jicho mimi. "Hapa nyuma kabisa ndipo penye kazi ya kuona. Macho huleta habari tu, ubongo ndio unaoona. Hiki kidogo huku chini nyuma kinatusaidia tusimame bila kuyumba. Na shina hili linaloshuka shingoni ndilo linalotuvutisha pumzi hata tukiwa usingizini. Likiumia hilo, hakuna dresa wala daktari atakayekusaidia."

"Na moyo?" aliuliza baba. "Wazee wetu walisema mtu hufikiri kwa moyo."

"Moyo unasukuma damu, mchana na usiku, kazi kubwa. Lakini haufikiri. Mtu akiumia moyo hasahau neno la maji."

"Bado hujajibu jambo langu, Bwana Dresa," alisema Mwalimu Ildefons kwa sauti ndogo. "Kushoto na kulia."

Dresa aliweka vidole viwili vya shahada kifuani, akavipishanisha. "Njia za kwenda mwilini hupishana huku chini, karibu na shingo, kama vile vijia viwili vya kibanja hiki vinavyokatana pale kisimani. Amri inayotoka upande wa kushoto inakwenda kwenye mkono wa kulia. Inayotoka kulia inakwenda kushoto. Na tena, kwa watu wengi, maneno yanakaa upande huu wa kushoto. Ndiyo sababu mkono na ulimi wake vimeshindwa pamoja. Mkono wenyewe ni mzima. Anayeutuma ndiye aliyeumia. Ninyi mlikuwa mkimpiga mjumbe kwa sababu barua haikuandikwa."

Jovita alikuwa ameketi kwenye mkeka. Aliinuka, akakiendea kikapu cha kahawa, kwa kuwa mgeni alikuwa bado hajapewa kitu. Alipiga magoti mbele ya Dresa. Mkono wa kushoto ukatangulia. Akakumbuka, akautazama, machozi yakamjaa.

"Sisi Waislamu pia hatupeani chakula kwa kushoto," alisema Dresa Muhidini, akichukua buni mbili. "Lakini huu ndio mkono uliobaki, na umeuleta kwa heshima. Ahsante, binti."

Baba alisimama. Alimwita Philbert. "Leta machela," alisema. "Tunakwenda Rubya sasa hivi."

Walimbeba kwa kupokezana. Mwalimu Ildefons alibeba pia, na sikumwona akibadilisha bega mpaka tulipopita kanisa. Daktari wa pale, sista wa Kizungu, alimgonga magoti kwa nyundo ndogo, akamulika macho yake kwa taa, akamlaza siku tisa. Alisema mfupa haukuvunjika, ubongo umevilia damu, na kwamba mtoto ana ubongo unaojifunza upya ukipewa nafasi. Asipigwe kichwani, asikimbizwe, na mkono ufanyishwe kazi ndogo ndogo kila siku.

Nilifanya kazi hiyo naye mimi. Kila jioni alikamua kitambaa chenye maji kwa mkono wa kulia, nami nikihesabu. Nilimwonyesha vitu, naye avitaje: maji, moto, jembe, kalamu. Alipokosea hatukucheka mpaka yeye acheke kwanza. Maneno yalirudi mapema. Mkono ulichelewa. Kufikia Desemba uliweza kushika kikombe, lakini kalamu haikurudi tena kwenye vidole vile.

Mwalimu Ildefons alikuwa amempokea darasani mwezi wa Julai. Alisimama mbele ya madarasa yote mawili akasema, "Nilimwadhibu Jovita kwa ugonjwa. Nilikosa." Kisha akampa kalamu, akaiweka mwenyewe katika mkono wa kushoto. Yule kijana aliyeanzisha wimbo wa moto alicheka. Mwalimu akamwambia, "Wewe, njoo utuonyeshe ubongo uko wapi, au huna?" Ukumbi ukaangua kicheko, na wimbo ule ukafa siku hiyo. Jovita alipanda darasa la nne na mwandiko wake uliolala.

Nyumbani, jambo moja lilikuwa bado. Tangu Rubya, mama ndiye aliyempelekea baba kahawa, na hakuna aliyesema kwa nini. Asubuhi moja baada ya Noeli, Jovita alikichukua kikapu kabla mama hajafika. Alipiga magoti. Kikapu kilikaa katika mkono wa kushoto, na wa kulia, ukitetemeka, ukaushikilia wa kushoto kwenye kiwiko.

"Kasinge, Tata."

Baba alikitazama kikapu. Kisha akaniita nami nikae kwenye mkeka.

"Klaudia, ulinyamaza kwa kuniogopa mimi. Kosa la kunyamaza ni lako. Kosa la kuogopwa kiasi kile ni langu. Kuanzia leo, mtoto wa nyumba hii akianguka, nataka nijue kabla jua halijatua, hata kama ameangukia mahali pa mwiko. Na mimi, kabla ya kumwita mtoto mkaidi, nitauliza kwanza anaumwa wapi. Umesikia?"

"Nimesikia, Tata."

Alimgeukia Jovita. Polepole, kama mtu anayejifunza kazi mpya uzeeni, aliuweka mkono wake wa kulia gotini, akanyosha wa kushoto, akachukua buni mbili, akazitia mdomoni.

Akaitikia, na siku yetu ikaanza.